Kichwa cha Punda na Jua la Lo'a: Tahakiki ya Tuhuma za Kuabudu Viumbe katika Maandishi ya Kale na katika Maelezo ya Imani ya Wairaqw

IKISIRI

Makala hii inahakiki tuhuma ya kuabudu wanyama iliyoelekezwa kwa Wayahudi na Wakristo wa mwanzo katika Dola ya Kirumi, kisha inatumia matokeo ya uhakiki huo kusoma namna imani ya jadi ya Wairaqw, wakiwamo wakazi wa Tlawi katika nyanda za juu za Mbulu, inavyoelezwa. Hoja kuu ni kwamba tuhuma hiyo ilidumu kwa sababu mbili. Kwanza, ilinakiliwa kutoka andiko moja hadi jingine bila shahidi. Pili, waliotuhumiwa waliijibu kwa kuihamishia kwa wengine badala ya kuuhoji msingi wake. Makala inapendekeza kwamba mtafiti asitumie kitenzi "kuabudu" kabla ya kuyachunguza maneno ya dua za watu anaowaandikia.

1.0 Utangulizi

Wairaqw, ambao kwa Kiswahili huitwa pia Wambulu, ni jamii ya wakulima na wafugaji wanaozungumza lugha ya Kikushi katika wilaya za Mbulu na Hanang na maeneo ya jirani. Katika imani yao ya jadi nguvu mbili hutajwa zaidi. Ya kwanza ni Lo'a, anayesemwa kwa jinsi ya kike kama mama na muumba, na ambaye jina lake ni pia jina la jua. Ya pili ni Netlaangw, roho wanaohusishwa na ardhi, na hasa na chemchemi, vijito na maji mengine. Kwa mahali kama Tlawi, penye ziwa lenye jina hilohilo, itikadi ya namna hii haikuwa wazo la mbali: iligusa njia ya kwenda kuchota maji.

Leo wengi katika eneo hili ni Wakristo. Wamisionari Wakatoliki waliingia Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20, na Jimbo Katoliki la Mbulu liliundwa mwaka 1953. Walutheri kutoka Norwei walifungua hospitali ya Haydom mwaka 1955. Wanaoshika imani ya jadi peke yake wamekuwa wachache katika nchi ya babu zao. Kwa sababu hiyo, namna wanavyoelezwa katika maandishi si jambo dogo. Kundi chache lisilo na maandiko yake hujulikana kwa maneno ya wengine, na maneno hayo mara nyingi ni mafupi: wanaabudu jua, wanaabudu mashetani wa majini.

Makala hii haikusudii kuitetea imani hiyo wala kuipinga. Inauliza swali la kihakiki: sentensi inayosema kwamba watu fulani "wanaabudu" kiumbe fulani imejengwa juu ya ushahidi gani? Ili kulijibu, tunaanza na kisa cha kale ambacho ushahidi wake unaweza kupimwa hatua kwa hatua, kwa kuwa maandishi ya washtaki na ya washtakiwa yamehifadhiwa.

2.0 Tuhuma ya Punda na Njia Iliyopitia

Katika karne ya 1 BK, Apion, msomi wa Alexandria mwenye asili ya Misri, alidai kwamba Wayahudi walitunza kichwa cha punda cha dhahabu katika hekalu la Yerusalemu na kukiabudu. Alidai kuwa siri hiyo ilifichuka pale mfalme Antiochus Epiphanes alipoliingia na kuliteka nyara hekalu. Apion hakuwa mwandishi wa pembeni. Baada ya ghasia za mwaka 38 BK, ambazo Wayahudi wa Alexandria waliuawa na kufukuzwa katika nyumba zao, yeye alikuwa miongoni mwa wajumbe waliotumwa kwa Kaizari Gaius kuwashtaki, ilhali Philo aliongoza ujumbe wa Wayahudi. Hivyo hadithi ya punda ilisimuliwa katika mazingira ambamo watu walipoteza uhai, na msimulizi wake alikuwa pia mdai katika shauri hilo.

Josephus alimjibu Apion mwishoni mwa karne hiyo. Jibu lake lina nguvu ya kihakiki hata leo. Anataja watekaji na watawala walioliingia hekalu kwa nyakati tofauti, wakiwamo Pompey, Crassus na Titus, na kuonyesha kwamba hakuna aliyekuta kitu cha namna hiyo. Aidha, anaeleza kwamba Apion hakuona lolote kwa macho yake, bali aliegemea waandishi waliomtangulia, yaani Posidonius na Apollonius Molon. Kwa maneno mengine, Josephus alitambua kuwa shtaka hili lilikuwa na mlolongo wa nakala tu, bila shahidi.

Mlolongo huo haukukatika. Mwanzoni mwa karne ya 2, mwanahistoria Tacitus aliandika kwamba kundi la punda mwitu lilimwongoza Musa hadi kwenye maji jangwani, na kwamba kwa sababu hiyo sanamu ya mnyama huyo iliwekwa wakfu hekaluni. Hata hivyo, katika kitabu hichohicho Tacitus anasema Wayahudi humfahamu Mungu mmoja kwa akili tu, tena hawaweki sanamu katika miji yao. Na anapofika kwenye habari za Pompey, anaeleza kwamba patakatifu palikutwa patupu. Kauli hizi haziwezi kupatana. Zinakaa pamoja kwa sababu zimetoka katika vyanzo tofauti, na mwandishi hakuona haja ya kuzipambanisha. Habari ya punda ilikuwa imekwisha kuwa jambo la kawaida kuandikwa kuhusu Wayahudi, na jambo la kawaida halidaiwi uthibitisho.

Kutoka kwa Wayahudi tuhuma ilihamia kwa Wakristo. Mchoro uliogunduliwa mwaka 1857 katika kilima cha Palatine, Roma, unaonyesha mtu mwenye kichwa cha punda akiwa msalabani, na pembeni yake mtu anayeinua mkono. Maandishi ya Kigiriki yanamtaja kijana aitwaye Alexamenos na kudai kwamba anamwabudu mungu wake. Mchoraji hakuhitaji kueleza zaidi. Alitegemea kwamba kila apitaye ukutani hapo aliijua hadithi.

3.0 Mlango Mmoja: Punda na Jua

Utetezi wa Wakristo wenye manufaa makubwa kwa mjadala huu ni wa Tertullian wa Carthage, mwandishi wa Afrika Kaskazini, katika kitabu chake cha utetezi cha mwaka 197. Katika mlango wa 16 anashughulikia tuhuma kuhusu kile ambacho Wakristo waliabudu. Anaanza na kichwa cha punda na kumrejelea Tacitus mwenyewe, akionyesha kuwa mwandishi huyo huyo ndiye aliyesimulia habari za hekalu tupu la Pompey. Anataja pia picha iliyotembezwa na mtu mmoja mjini: kiumbe mwenye masikio ya punda na kwato, aliyevaa toga na kushika kitabu.

Lakini mlango huo hauna punda tu. Tertullian anaeleza kuwa wapo watu waliodhani kwamba mungu wa Wakristo ni jua. Chanzo cha dhana hiyo anakijua: Wakristo walisali wakielekea mashariki, na siku ya Jua ilikuwa siku yao ya furaha. Mtu wa nje aliona mwelekeo wa mwili na siku ya juma, akahitimisha kwamba kinachoelekewa ndicho kinachoabudiwa.

Ukaribu wa mashtaka haya mawili katika mlango mmoja una maana kwa mtafiti wa Mbulu. Unaonyesha kwamba "kuabudu punda" na "kuabudu jua" yalikuwa matawi ya kosa moja la usomaji. Katika kosa hilo, mtazamaji huona alama, mwelekeo, jina au mnyama aliyepo katika ibada, kisha huchukua kitu hicho kinachoonekana kuwa ndicho mwisho wa ibada. Hamwulizi mwenye kusali anazungumza na nani.

4.0 Udhaifu wa Watetezi

Josephus na Tertullian walishinda kwa upande wa ushahidi. Hata hivyo, uhakiki usiishie kwenye kuwasifu. Josephus, baada ya kuonyesha kuwa Apion amesema uongo, anaongeza kwamba Mmisri hana haki ya kumlaumu mtu kwa punda, kwa kuwa Wamisri wenyewe hutukuza nyoka na mamba. Tertullian vilevile anawageuzia Warumi shtaka: wao ndio wanaotukuza wanyama wa mizigo pamoja na Epona, mungu wa kike wa farasi. Minucius Felix, katika utetezi wake ulioandikwa kwa mtindo wa majadiliano, anafuata njia hiyo na kuwataja Wamisri na fahali wao Apis.

Hapa ndipo penye kasoro. Waandishi hawa walijua, kwa uchungu wa kutuhumiwa wenyewe, jinsi mtazamo wa nje unavyoweza kupotosha ibada. Walipoandika kuhusu Wamisri, walitumia mtazamo huohuo wa nje. Hawakuuliza kuhani wa Apis alimfahamu fahali huyo kwa namna gani: kama mungu, kama chombo cha mungu, au kama ishara yake. Waliikubali mizani ya mshtaki na kubishana juu ya nani awekwe ndani yake. Matokeo yake ni kwamba tuhuma ilitoka mikononi mwao ikiwa hai. Dini yao ilipopata nguvu ya dola, ikawa tayari kutumiwa dhidi ya wengine, na karne nyingi baadaye ilivuka bahari pamoja na wasafiri na wamisionari.

5.0 Chatu wa Bulonge na Vigezo vya Nje

Katika Afrika Mashariki, kisa kilichoandikwa zaidi ni cha chatu wa Bulonge katika Buddu, nchini Uganda. John Roscoe, mmisionari wa Kianglikana, alikieleza katika kitabu chake kuhusu Waganda cha mwaka 1911. Chatu huyo alihusishwa na lubaale aitwaye Selwanga; alikuwa na nyumba yake, mtunzaji aliyemlisha maziwa, na mtu wa kupandwa na roho aliyesema kwa niaba ya Selwanga. Watu walimwendea kuomba watoto. Ukisoma maelezo ya Roscoe kwa makini, utaona kwamba aliyeombwa ana jina na ana msemaji wa kibinadamu. Hata hivyo, anwani iliyobaki katika maandishi ya baadaye ni "ibada ya chatu".

Mwaka 1931 Wilfrid Hambly wa Field Museum, Chicago, alichapisha uchunguzi kuhusu ibada za nyoka Afrika nzima. Anastahili sifa kwa kujaribu kufafanua neno "ibada" kabla ya kulitumia, ili lisibebeshwe kila ushirikina mdogo kuhusu nyoka. Alihitaji kuwepo wazo la kiumbe aliye juu ya binadamu, makuhani, nyumba au mahali maalumu, na sadaka pamoja na taratibu za kidini. Lakini vigezo hivi, isipokuwa cha kwanza, huonekana na mtu aliyesimama nje ya uzio. Dua haimo. Mtu anaweza kuvitimiza vyote bila kujua kama maneno ya mwenye kusali yanaelekezwa kwa nyoka, kwa anayekaa ndani ya nyoka, au kwa aliyemtuma nyoka.

6.0 Tlawi: Jina la Jua, Roho wa Maji na Maneno ya Slufay

Tukirudi kwa Wairaqw, msingi wa kauli kwamba "wanaabudu jua" ni wa kimsamiati: neno moja hutaja jua na Lo'a. Msingi huu ni dhaifu. Wachaga, majirani wa upande wa Kilimanjaro, walimwita Mungu Ruwa, neno ambalo pia lilitaja jua, na Wakristo wa Kichaga wamelipokea jina hilo katika sala zao bila kuhesabiwa kuwa waabudu jua. Kwa Wakalenjin wa Kenya, jina Asis lina uhusiano wa namna hiyo. Zaburi ya 84 nayo inamfananisha Mungu na jua. Ikiwa ukaribu wa jina ni ushahidi wa kutosha dhidi ya mzee wa Kiiraqw, basi ni ushahidi wa kutosha dhidi ya hao wote. Na ikiwa hautoshi dhidi yao, hautoshi dhidi yake pia.

Kuhusu Netlaangw, tatizo ni la tafsiri. Katika matumizi ya Kikristo neno hili limekuja kusomwa kama "shetani". Tafsiri hiyo ikishakubaliwa, sentensi hujiandika yenyewe: mtu anayepeleka sadaka kwenye chemchemi anaabudu shetani. Lakini shetani wa mapokeo ya Kikristo ni adui wa Mungu katika kisa cha uasi, ilhali Netlaangw ni roho wa mahali, anayeogopwa na kutulizwa kwa sababu maji na ardhi ni vyake. Kumwogopa mwenye mahali na kumtuliza ni uhusiano. Si lazima uwe ibada kwa maana anayoikusudia mwandishi.

Mnyama naye yumo katika ibada ya Wairaqw, lakini kama sadaka. Robert Thornton, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu nafasi, wakati na utamaduni wa Wairaqw, alionyesha uzito wa mipaka ya aya, yaani eneo la jamii moja, na matambiko ya kuilinda. Mgeni anayeona mnyama akiwa katikati ya shughuli hiyo anaweza kudhani kwamba mnyama ndiye lengo. Anayejua shughuli inahusu nini ataona kwamba lengo ni ardhi kuwa salama.

Ushahidi ambao kwa kawaida unakosekana katika kauli fupi hizi ni slufay. Hii ni dua ndefu ya kishairi ambayo mzee huisema mbele ya watu, nao wakamwitikia. Huomba baraka, mvua, uzazi na amani, na hutaka mabaya yatoke nje ya nchi. Rose Marie Beck na Maarten Mous wameichunguza mwaka 2014 kwa kuzingatia nguvu ya sauti ndani yake. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, slufay ni utanzu wenye kanuni zake. Kwa swali la makala hii, ni zaidi ya hapo: ni mahali ambapo mwenye imani anasema mwenyewe anamwomba nani, na anaomba nini. Ni kile ambacho Apion hakukitafuta Yerusalemu, na ambacho Josephus hakukitafuta Misri.

7.0 Hatari Mbili za Mhakiki

Ole Bjørn Rekdal alionyesha mwaka 1998 jinsi nadharia kwamba Wairaqw wametoka Iraki, iliyoegemea zaidi kufanana kwa majina, ilivyonukuliwa na mwandishi mmoja baada ya mwingine hadi ikaonekana kuwa ukweli. Kisa hicho kinafanana kabisa na njia ya kichwa cha punda. Kinatuonya kwamba jamii hii imekwisha kupitia uzoefu wa dhana inayogeuka kuwa habari kwa nguvu ya kurudiwa tu. Hatari ya kwanza, basi, ni ya kunakili.

Hatari ya pili ni ya kusafisha. Mtafiti mwenye huruma anaweza kutaka kuwaondolea Wairaqw tuhuma kwa kusema kwamba Lo'a ni yule yule Mungu wa Biblia kwa jina jingine, na kwamba jua halina nafasi yoyote. Okot p'Bitek, katika kitabu chake kuhusu dini za Afrika katika usomi wa Kimagharibi, aliwakosoa wanazuoni Waafrika, John Mbiti akiwa mmoja wao, kwa kuivisha miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki ili ikubalike kwa wageni. Ukosoaji huo unahusu hapa pia. Lo'a ni mama, na ana uhusiano na jua; kumwondolea hayo ili apite mbele ya mshtaki ni kukubali kwamba mshtaki ndiye mwenye mizani. Ndilo kosa lilelile la Josephus na Tertullian, ila kwa nia njema zaidi.

Kiswahili chenyewe kina maneno ya kuepusha hatari zote mbili. Kuabudu si kutambika. Kutambika si kuomba. Kuomba si kuheshimu. Kuheshimu si kuogopa. Mzee anaweza kumwomba Lo'a, kumtuliza Netlaangw, kutambika kwa ajili ya aya na kuiheshimu chemchemi, yote katika mwezi mmoja. Mwandishi anayeyakusanya matendo hayo manne chini ya kitenzi kimoja hajafupisha, amepoteza data. Katika tasnifu ya Kiswahili kosa hili ni zito zaidi, kwa kuwa msomaji wake wa kwanza anaweza kuwa mjukuu wa mzee huyo, anayesoma kuhusu babu yake kwa lugha ya taifa lake.

8.0 Hitimisho

Tuhuma za kale za kuabudu wanyama hazikuanguka kwa sababu mshtaki alithibitishiwa kosa lake. Pompey aliikuta nyumba tupu, Tacitus akaliandika hilo, na punda akabaki katika kitabu. Ziliisha nguvu dhidi ya Wayahudi na Wakristo pale tu zilipopata washtakiwa wapya. Hilo ndilo fundisho lake kwa mtafiti anayefanya kazi Tlawi au kwingineko katika Mbulu na Hanang.

Kwa hiyo makala hii inapendekeza utaratibu mmoja ambao mtahini anaweza kuudai na mtafiti kuutimiza. Kila sentensi inayosema kwamba watu wanaabudu kitu fulani iambatane na maneno ya dua yaliyorekodiwa, kwa lugha ya dua hiyo, yakionyesha anayetajwa na anayeombwa. Ikiwa maneno hayo hayapo, sentensi ieleze kile kilichoonekana tu: watu walikwenda kwenye chemchemi, walichinja, walisimama wakielekea mashariki. Sentensi ya namna hiyo itaonekana pungufu, lakini itakuwa kweli, na itawaachia wenye imani nafasi ya kusema yaliyobaki.